Safu ya Ushauri: Nafungua Agrippa, nakwama ukurasa uleule

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Nina miezi minne tangu nianze kujisomea uchawi wa ibada, ule wa duara, majina ya malaika na saa za sayari. Sina mwalimu. Nina vitabu vitatu: Falsafa ya Siri ya Agrippa kwa tafsiri ya zamani ya Kiingereza, Goetia yenye pepo 72, na kile cha Abramelin. Agrippa nimekianza mara tatu na mara zote nimeishia ukurasa wa arobaini hivi. Sentensi moja inakula nusu ukurasa, imejaa miungu, mawe, samaki na nyota, na nikifika mwisho wake nimeshasahau ilianzaje. Goetia inasomeka upesi, lakini nikiifunga sina nilichokipata zaidi ya majina. Abramelin ana mafuta ya kupaka ambayo kila nakala inayataja kivyake. Saa za sayari nikizihesabu mwenyewe, hazilingani na za programu ya simu.

Nauliza: nianze na kipi, na nikisome vipi? Ni lazima nijue Kiebrania na Kilatini? Kwa nini kitabu kimoja kinasema mashariki ni hewa na kingine kinasema ni moto? Na hili naona haya kuliuliza: kuyasoma majina ya pepo kwa sauti usiku, hata bila nia, kunaweza kuita kitu?

Aliyekwama

JIBU

Marahaba. Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Kwa Kiswahili uchawi ni husuda na wanga, ndiyo maana ukitaja "uchawi wa ibada" watu wanasogeza viti. Tunachozungumzia hapa ni elimu iliyoshika sura Ulaya tangu karne ya 15, ikachanganya unajimu, Kabbala (elimu ya siri ya Kiyahudi), sala za Kikristo na mengi yaliyotafsiriwa kutoka Kiarabu. Nakujibu kuhusu kusoma. Kama yale yanayosomwa yanafanya kazi au hayafanyi ni mjadala mwingine, na huwezi kuuingia kabla hujaelewa kilichoandikwa.

Ukurasa wa arobaini wamekwamia wengi. Heinrich Cornelius Agrippa alivitoa vitabu vyake vitatu pamoja huko Cologne mwaka 1533, cha kwanza sura 74, cha pili 60, cha tatu 65, na hakumwandikia mwanafunzi. Aliwaandikia wasomi wa Kilatini ambao tayari walijua Zohali ni sayari ya namna gani na kwa nini madini ya risasi ni yake. Kwa hiyo haelezi, anaorodhesha. Kitabu cha namna hiyo ni bohari: unaingia ukijua unachokitafuta, unakichukua, unatoka. Wewe umeingia ukitaka kuhesabu kila gunia.

Kabla ya kukifungua tena, kifunge kwa wiki nne ujaze kile ambacho yeye alidhani unacho. Golden Dawn, chama cha uchawi wa ibada kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliwapa wanachama wapya somo la kwanza lenye mambo machache ya kukariri, na mtu hakupanda daraja bila kutahiniwa. Masomo hayo si siri tena; Israel Regardie aliyachapisha kati ya 1937 na 1940. Ndani yake mna asili nne (moto, hewa, maji, udongo), buruji 12, zile ambazo magazeti huziita nyota, kuanzia Punda hadi Samaki, sayari saba za kale, herufi 22 za Kiebrania na sefiroti 10 za Kabbala, yaani ngazi za uungu. Jumla ni vitu 55. Viwili kwa siku, wiki nne umemaliza. Tumia kadi za karatasi: mbele andika Zohali, nyuma andika Jumamosi, risasi, namba 3. Mbele Mshtarii, nyuma Alhamisi, bati, namba 4. Zichanganye kila asubuhi, na usizipange tena kwa mfuatano ulioandikia, maana hapo utakariri mfuatano badala ya kadi.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo jibu la nusu ya barua yako. Anayesema maandishi haya ni magumu mara nyingi hajakosa akili wala kipaji cha kiroho. Amekosa msamiati wa vitu 55.

Ukirudi kwa Agrippa, chukua sura moja fupi na penseli. Sentensi zake ndefu zina muundo mmoja: dai moja na mashahidi kumi. Dai huwa mwanzoni au mwisho kabisa. Katikati anaita mashahidi, mwanafalsafa fulani alisema, jiwe fulani hufanya, samaki fulani husimamisha merikebu. Soma mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili tia mabano kwa kila shahidi. Kinachobaki nje ya mabano huwa maneno kumi au kumi na tano, na hayo ndiyo sentensi. Mara ya tatu liandike dai kwa Kiswahili chako, mstari mmoja. Ukilazimika kuacha maneno matatu ya kigeni ndani ya mstari huo, hujaelewa bado. Sura ya kwanza kabisa ukiifanyia hivyo inabaki hivi: ulimwengu una ngazi tatu, ya asili, ya nyota na ya akili, na kila ngazi ya chini inaongozwa na ya juu yake. Vitabu vyote vitatu vimepangwa juu ya mstari huo mmoja. Ukurasa kwa siku unatosha. Anayesoma kurasa ishirini kwa usiku mmoja anarudi kuzisoma zote.

Tafsiri uliyonayo inaelekea ni ile ya 1651. Kama ni picha za chapa ya asili, jihadhari na herufi s ndefu ya zamani, inayofanana sana na f. Malaika Cassiel ameshakuwa Caffiel kwenye nakala nyingi zilizopigwa upya na kompyuta, na kuna watu wanaomwita hivyo kwa unyenyekevu mkubwa.

Sasa tufanye mfano mmoja hadi mwisho, maana njia inaonekana ukiipita. Kitabu cha pili, sura ya 22, kuna mraba wa Zohali: mstari wa juu 4, 9, 2, wa kati 3, 5, 7, wa chini 8, 1, 6. Jambo la kwanza si kuunakili kwenye bamba la risasi. Jumlisha. Kila mstari, wima, ulalo na mshazari, lazima utoe 15, na namba zote pamoja 45. Usipopata hivyo nakala yako ina kosa la mpiga chapa, na makosa hayo si haba, hasa kwenye miraba mikubwa.

Chini ya mraba utakuta majina mawili: Agiel, akili (roho njema) ya Zohali, na Zazel, pepo wake. Msomaji mgeni huyaona kama majina yaliyoanguka kutoka mbinguni. Yaandike kwa Kiebrania uone. Agiel ni alefu 1, gimeli 3, yodi 10, alefu 1, lamedi 30: jumla 45. Zazel ni zayini 7, alefu 1, zayini 7, lamedi 30: jumla 45. Majina yametengenezwa yalingane na hesabu ya mraba. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaandika Zazel kwa herufi za Kilatini, wanaona herufi tano, wanaipa ile e thamani ya herufi he, yaani 5, wanapata 50, kisha wanatangaza kwamba Agrippa alificha siri. Hakuficha kitu. Kiebrania hakiandiki irabu hiyo.

Muhuri wa jina, yaani alama yake ya mistari, unachorwa juu ya mraba huohuo. Mraba wa Zohali unaishia 9, kwa hiyo makumi hukatwa sifuri: lamedi 30 inakuwa 3. Zazel basi anatoka 7, anakwenda 1, anarudi 7, anamalizia 3. Weka karatasi nyembamba juu ya mraba, tia kiduara kidogo pa kuanzia, vuta mistari, tia kijistari pa kuishia. Ukiona mchoro wa kitabuni umetofautiana na wako, usiufute wako upesi. Kwanza hesabu herufi, kisha angalia kama mraba wao umegeuzwa upande.

Umeona ni Kiebrania kiasi gani kimehitajika: alfabeti na thamani zake. Sarufi huihitaji kwa sasa. Zile herufi tano zenye umbo la mwisho wa neno zijue kwa macho, lakini kwenye hesabu za miraba hii usizipe thamani za 500 hadi 900 ambazo baadhi ya majedwali huzitaja. Kilatini nacho, vitu kama majina ya sayari, pande za dunia na sehemu za sala vinatosha. Hayazidi maneno hamsini. Kujifunza lugha nzima ni jambo jema, ila usilifanye sharti la kuanza, maana hapo hutaanza.

Kuhusu mashariki: vitabu vyako vyote viwili viko sahihi, kila kimoja nyumbani kwake. Agrippa anafuata unajimu wa kale, ambamo buruji za moto ni za mashariki, za hewa magharibi, za maji kaskazini, za udongo kusini. Kwake Mikaeli yuko mashariki. Golden Dawn waliweka hewa mashariki, moto kusini, maji magharibi, udongo kaskazini, na ndiyo maana katika ibada yao fupi ya nyota ya pembe tano Rafaeli anasimama mashariki, Mikaeli kusini, Gabrieli magharibi, Urieli kaskazini. Usitafute jedwali la kuzipatanisha. Andika juu ya kila ukurasa wa daftari lako jina la mfumo, kwa wino wa rangi yake ukipenda, na usihamishe mstari hata mmoja kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Majedwali mengi yanayosambazwa yametungwa na mtu aliyeokota safu ya kwanza hapa na ya pili kule, na hakusema.

Abramelin amebeba tatizo la aina nyingine. Tafsiri ya Kiingereza aliyoitoa Mathers, mmoja wa waanzilishi wa Golden Dawn, mwaka 1898 ilitokana na hati moja ya Kifaransa iliyoko maktaba ya Arsenal, Paris. Hati za Kijerumani zipo pia, na zinatofautiana nayo pakubwa: ya Kifaransa inataka maandalizi ya miezi sita, za Kijerumani mwaka mmoja na nusu, miraba mingi ya herufi kwenye ya Kifaransa ina nafasi tupu. Mafuta nayo yameingia humohumo. Mathers anataja manemane sehemu moja, mdalasini sehemu mbili, galangali nusu sehemu, na mafuta ya zeituni nusu ya uzito wa hivyo vyote. Galangali ni mzizi wa jamii ya tangawizi. Fungua Kutoka 30:23-25 utakuta chanzo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Pale penye galangali palikuwa na kane (tete lenye harufu nzuri), na hati za Kijerumani zinayo kane. Kwa hiyo kila unapokuta kipimo kinachoyumba kati ya nakala, rudi nyuma ukiuliza mwandishi mwenyewe alikuwa anakinakili kutoka wapi. Mara nyingi ni Biblia.

(Ukitaka kuyatengeneza, tumia viungo vilivyosagwa na kulowekwa kwenye zeituni. Wapo wanaobadilisha vipimo hivyo kwa mafuta makali yaliyokenekwa. Ya mdalasini yanaunguza ngozi, na baadhi ya vitabu vinasifu mwasho huo kana kwamba ni ishara.)

Saa za sayari ni jepesi ukishajua kwamba saa hizo si dakika 60. Unachukua muda wa kuchomoza hadi kuzama kwa jua, unaugawa kwa 12. Jua likichomoza saa 12:18 asubuhi na kuzama 12:06 jioni, mchana una dakika 708, na kila saa ya sayari ni dakika 59. Mahali na majira ambapo mchana ni saa 16, saa moja ya sayari inakuwa dakika 80. Programu ya simu hutofautiana nawe ikiwa haijui ulipo au imegawa siku kwa saa za kawaida. Mpangilio ni Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, kisha unarudia. Saa ya kwanza ya mchana ni ya mwenye siku: Jumamosi huanza na Zohali. Ukihesabu saa 24 bila kukosea, saa ya 25 itaangukia Jua, na hapo ni Jumapili. Huo ndio mtihani wako.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa saa yetu nayo inahesabiwa tangu kuchomoza, ila faida hiyo ina mtego: saa ya kwanza ni ile inayoishia saa moja, si inayoanzia saa moja. Mtego wa pili ni usiku. Kwa hesabu hii usiku unafuata mchana wake, hivyo usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili bado ni wa Zohali, na saa yake ya kwanza ni ya Utaridi. Aliyezoea siku inayoanza magharibi atakuwa nje kwa usiku mzima.

Swali uliloonea haya. Goetia yenyewe inakujibu: inataka duara la futi tisa, pembetatu ya futi tatu iliyowekwa futi mbili nje ya duara, mihuri ya madini, mavazi, na maombi marefu yanayorudiwa na kurudiwa pepo anapokataa kuja. Kwa masharti ya kitabu chenyewe, kutaja jina kitandani si kuita. Yatazame pia majina yalikotoka. Orodha inayokaribiana sana nayo ilichapishwa na Johann Weyer, mwanafunzi wa Agrippa, mwaka 1577, na ina pepo 69. Weyer alikuwa tabibu aliyepinga kuuawa kwa wanaoitwa wachawi. Mwaka 1584 Reginald Scot aliitia katika kitabu cha Kiingereza cha kuukejeli uchawi, na wachawi wakakinunua wainakili. Halafu kuna Trithemius, abate wa Kijerumani ambaye Agrippa alimpelekea kazi yake aisome. Kitabu chake cha Steganographia kilionekana kimejaa pepo na maombi yao, kikachapishwa 1606, kikapigwa marufuku na Kanisa 1609. Maombi yale ni maandishi ya fumbo: ujumbe umefichwa katika herufi za maneno yasiyo na maana. Sehemu ya tatu ilikuja kufumbuliwa miaka ya 1990.

Ila hofu ni kitu halisi hata kama sababu yake sivyo. Kama kusoma usiku kunakunyima usingizi, soma mchana. Ukianza kusikia sauti au kuona mambo nje ya vitabu, viweke kando na umwone daktari. Mfungo na kukesha vinaweza kumfanyia mtu hivyo bila pepo yeyote.

Hatari ya kweli iko kwenye chetezo. Ufukizo wa Zohali kwa Agrippa una mbegu za mpopi mweusi, haiosiamasi, mzizi wa mandrake, sumaku na manemane, vikisongwa kwa ubongo wa paka au damu ya popo. Haiosiamasi na mandrake ni sumu. Biblia ya Kiswahili inaiita mandrake tunguja, lakini tunguja inayoota vichakani ni mmea mwingine, nao una sumu yake. Choma manemane peke yake, dirisha likiwa wazi, kwa sababu makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua kimya kimya. Risasi usiyeyushe, na zebaki usiiguse hata kitabu kikikuagiza. Mihuri yote inachoreka kwenye karatasi.

Abramelin na Goetia viweke juu ya kabati hadi uweze kufanya Zohali kama tulivyofanya bila kutazama hapa. Kisha ingia Mshtarii: mraba wa 4 kwa 4, kila mstari 34, jumla 136. Akili yake ni Johphiel. Mwandike kwa Kiebrania, jumlisha. Ukipata 131, umeisahau he.